Meza ya Watumishi

Ukitaka kumjua mkalimani mzuri, mtazame mikono. Mama Aline wa Katumba, mgeni akinyoosha mkono juu, wake umeshafika. Mgeni akinong'ona, naye ananong'ona, mpaka bibi wa benchi la mwisho anatega sikio. Mgeni akiruka, Mama Aline anaruka, pamoja na miaka yake arobaini na sita na goti la kushoto ambalo siku hizi lina mambo yake. Jambo moja tu hamfuati. Mgeni akilia, yeye husimama kimya na kusubiri, kwa sababu, kama anavyowaambia wanaomuuliza, machozi hayahitaji mkalimani.

Wapo wakalimani wa namna nyingine, na mkoani Katavi tunao wa kutosha. Yupo ambaye mgeni akisema sentensi moja yeye anahubiri robo saa, mgeni wa watu anabaki kutazama viatu vyake. Yupo anayelainisha maneno ili wakubwa waliokaa mbele wasikwazike. Mama Aline hana mchezo huo. Kilichoingia sikioni ndicho kinachotoka mdomoni, na hilo hulisema mwenyewe bila haya, maana anaijua thamani ya kazi yake na haoni sababu ya kujifanya haijui.

Jina lake la ubatizo ni Vénérande, ila wanaoliweza ni wachache; wengi huliangusha njiani wakabaki na Venera, naye huitika tu. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili wakafikia Katumba, na yeye akazaliwa hapohapo miaka sita baadaye. Hati yake ya uraia wa Tanzania ameitia plastiki na kuitundika sebuleni, mahali ambapo wenzake huweka picha ya harusi. Mumewe alifariki Aline akiwa darasa la tatu. Tangu hapo analima mahindi na karanga, ekari tatu, kwa jembe la mkono, na mtoto huyo mmoja amemfikisha chuo cha ualimu. Kilimo ndiyo kazi yake. Ukalimani ni fahari yake. Ana magauni mawili ya kitenge ambayo hayavaliwi shambani wala sokoni, na hata msibani hayaendi. Ni ya madhabahuni tu.

Sasa Kiingereza alikitoa wapi? Watu walikuwa na jibu lao: alisoma kwa masista, Kigoma. Nani alianza kulisema hilo hakuna anayekumbuka. Alilisema mtu siku moja nje ya kanisa, Vénérande akanyamaza. Aliposikia tena, akatabasamu. Mara ya tatu akaulizwa uso kwa uso, akajibu, "Kulekule Kigoma," na toka siku hiyo ikawa ndiyo historia yake. Hata Aline alilelewa nayo. Uongo ule ulianza kwa kunyamaza, na baada ya miaka ishirini ulikuwa umeota mizizi hadi chini ya nyumba.

Mwaka jana, mwezi wa saba, mahindi yakiwa yameshaingia ndani, ikaja semina ya uongozi pale kanisa la Kakese. Mwalimu alikuwa Mzambia wa Kasama, anaitwa Chanda, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Yeye na wenzake wawili walikuwa kwenye safari ya misheni. Walipitia Tunduma na Sumbawanga, na walipofika gari lao lilikuwa na rangi ya barabara. Waalikwa walikuwa mia na ishirini: wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama. Walitoka Kibaoni, walitoka vijiji vya jirani, na wawili walitoka Kapalamsenga kule ziwani, na hao walisafiri siku nzima.

Mwenyeji alikuwa Mwangalizi Ponsian, msimamizi wa makanisa yote ya eneo lile. Ni mtu mwema, ila anapenda mambo yake yanyooke. Alimwita Vénérande pembeni akamwambia kwamba safari hii mgeni ni mzito na hataki kusikia neno limekwenda kombo. Akaongeza, kwa upole tu, kwamba Felisiani yupo. Felisiani ni mpwa wake, kijana mwenye digrii, na Kiingereza chake kimenyooka kama rula. Vénérande akajibu kwamba amesikia. Usiku ule alilipiga pasi gauni lake mara mbili.

Siku ya kwanza ilikwenda kama maji. Mwalimu Chanda alifundisha kwamba duniani mkubwa ni yule anayehudumiwa, ila kwa Kristo mambo yamegeuzwa. Kisha akasimama katikati, akainua kidole, akalitoa fundisho lenyewe kwa Kiingereza: kiongozi mkubwa kuliko wote ni sevanti. Kidole cha Vénérande kilikuwa kimeshapanda.

"Kiongozi mkubwa kuliko wote ni mtumishi!"

Amina iliyopigwa hapo ilitikisa bati. Mzee Masunga, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka ishirini iliyopita na sasa ni mzee wa kanisa mwenye kauli, alisimama akapiga makofi. Wachungaji walishikana mikono. Mgeni mwenyewe alishangaa, maana anapofundisha jambo lile kwingine watu huwa wanainamisha vichwa. Alirudia mara ya pili, na amina ya pili ikaishinda ya kwanza. Vénérande alishuka pale mbele moyo wake umejaa. Alijisikia mrefu.

Wakatoka kula. Nje palikuwa na foleni mbili za wali na maharage, watu na sahani zao za plastiki, na pembeni, chini ya turubai, palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, soda, na viti vya kuegemea. Juu ya meza kulikuwa na kadibodi iliyoandikwa kwa maka peni, mwandiko mzuri wa kialimu. Ulikuwa mwandiko wa Aline, aliyekuwa likizo na kuja kusaidia jikoni. Iliandikwa: WATUMISHI TU.

Mwalimu Chanda akauliza imeandikwa nini. Vénérande akamtafsiria bila kufikiri: ni kwa ajili ya masevanti peke yao.

Basi uso wa yule Mzambia ukang'aa. Akadhani somo limeshika siku hiyohiyo, kabla hata ya chai ya jioni. Akakunja mikono ya shati, akaenda mezani, akachukua jagi la maji na beseni, akaanza kuwanawisha waliokaa. Pakawa na patashika. Wachungaji walirudisha mikono kama walioguswa na moto. Mwangalizi Ponsian aliruka kutoka kwenye kiti chake, akamnyang'anya jagi kwa heshima zote, akamkalisha katikati ya meza na kumwambia, "Hapana, Mtumishi. Wewe ni mtumishi, huwezi kufanya kazi hii."

Hilo nalo Vénérande alipaswa kulitafsiri. Mara ya kwanza katika maisha yake ya ukalimani neno lilifika sikioni likakwama.

Kuku wakaletwa. Walikuwa watatu, na firigisi zao tatu zikatua panapostahili: moja kwa mgeni, moja kwa Mwangalizi, moja kwa Mzee Masunga. Kwetu firigisi haiulizwi. Ni ya baba mwenye nyumba au ya mkubwa aliyekuja, na mwanamke huipika tu. Kasama nako ni hivyohivyo, kwa hiyo Mwalimu Chanda hakuhitaji kuelezwa. Aliitazama ile firigisi kwenye sahani yake, akatazama upande wa jiko la mabanzi, ambako akina mama walikuwa bado wanapakua macho yakiwatoka machozi kwa moshi. Kisha akamwinamia Vénérande na kumuuliza kwa sauti ya chini kama neno lililoandikwa kwenye kadibodi ndilo lile alilolitumia asubuhi. Akajibu ndiyo. Akamuuliza kama hawa waliokaa hapa ndio wanaoitwa hivyo. Ndiyo. Na wale wa jikoni wanaitwaje? Vénérande akafikiri, akasema wale wanaitwa akina mama wa jikoni.

Mgeni akaisogeza sahani. "Basi, Mama, asubuhi nimefundisha nini?"

Hapo ndipo Vénérande alipong'amua. Alichofundisha mgeni, kwa jinsi kilivyofika masikioni mwa watu wa Kakese, ni kwamba kiongozi mkubwa kuliko wote ni mchungaji. Mtumishi kwetu ni mheshimiwa. Ukimwita mtu Mtumishi unamsogezea kiti. Watu walikuwa wamesema amina kwa moyo wote, na walikuwa na haki, nani asiyependa kusifiwa na mgeni wa mbali? Neno lilikuwa sahihi kwenye kamusi na lilikuwa limepotosha kanisa zima.

Mwalimu Chanda hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba kesho atalirudia fundisho lile, na anamwomba atafute neno lingine. Yeye anakijua kitabu, alisema, ila anayewajua watu hawa ni Mama.

Jioni Vénérande na mwanawe walitembea kuelekea nyumba waliyopangiwa kulala, njia inayopita kando ya majaruba yaliyokwisha kuvunwa. Aline alikuwa na maneno mengi ya siku, mama yake hakuwa na hata moja. Alikuwa anayapanga kichwani kama mtu anayechagua mbegu. Mtumwa? Hapana, neno hilo lina minyororo, wangesimama wote wakatoka. Mfanyakazi? Huyo ana barua ya ajira na likizo. Mhudumu? Huyo yuko hotelini na tai yake. Kibarua? Kibarua ikifika saa nane anaweka jembe chini, anaenda kwake.

"Mama, vipi leo?" Aline akauliza.

"Natafuta neno, mwana wanje," mama akajibu, akimwita mwanawe kwa Kirundi.

"Neno gani?"

"Mtumishi."

"Si ndiyo hilohilo?"

Lakini neno Vénérande alikuwa ameshalipata. Lilikuwa limekaa mlangoni tangu mchana likimsubiri, naye alikuwa analipita kama hajaliona. Dada wa kazi. Wakati wake walisema hausigeli. Huyo kila mtu anamjua: wa kwanza kuamka, wa mwisho kulala, anayejua nani ndani ya nyumba hali kitunguu. Hakuna mchungaji hata mmoja Katavi nzima ambaye angesikia neno hilo akapiga makofi.

Na hakuna mtu aliyelijua neno hilo kumzidi yeye. Kigoma hakuwahi kukanyaga. Akiwa na miaka kumi na minne alipelekwa Mpanda mjini, kwenye nyumba ya mhandisi wa visima, Mganda, ambaye yeye na mkewe hawakukimudu Kiswahili na nyumbani walizungumza Kiingereza. Akakaa nao miaka tisa. Kiingereza alikiokota sakafuni akipiga deki watoto wakifanya kazi za shule, akakiokota bafuni akiwaogesha, akajifunza kusoma kwa maandishi ya makopo ya maziwa. Walikuwa watu wazuri, hawakumpiga wala kumtukana. Ila kwa miaka tisa hawakumwita jina. Walimwita yule msichana. Aliyejua habari hiyo ni marehemu mumewe peke yake, naye alikwenda nayo.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili, na yote mabaya. Akilitamka neno lile wataona amewatukana wakubwa, watauliza amelitoa wapi, na Kigoma yake yote itaanguka mbele ya mwanawe. Asipolitamka, watu mia na ishirini watarudi makwao wamefundishwa kinyume, kwa mdomo wake, na yeye ndiye anayejisifu kwamba kilichoingia sikioni ndicho kinachotoka. Alilala akiwa hajaamua. Asubuhi akavaa gauni la pili.

Mwalimu Chanda alianza na habari ya Yesu kujifunga taulo na kuwaosha wanafunzi miguu. Akaenda nayo polepole, Vénérande nyuma yake nusu hatua kama kawaida, mikono yake ikimfuata. Halafu akasimama, akainua kidole, akalisema lile lile la jana, akamgeukia.

Kidole cha Vénérande hakikupanda. Mwangalizi Ponsian akakohoa. Kule mlangoni Aline alikuwa amesimama na sinia la vikombe.

"Kiongozi mkubwa kuliko wote," Vénérande akasema, "ni dada wa kazi."

Kwanza watu walicheka. Walidhani ni utani wa mgeni. Kisha kicheko kikapungua kidogo kidogo, kila mtu akimtazama jirani yake kuona kama ameudhika, na alipoona jirani ameudhika, naye akaudhika. Minong'ono ikaanza. Mzee Masunga akasimama na fimbo yake, akamwita mama kwa Kisukuma chake, akaongea bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba amepotea njia.

"Mayu, hapo umeteleza. Mgeni ametoka mbali kote huko, hawezi kutuita hausigeli. Muulize tena."

Mwangalizi Ponsian hakusubiri mgeni aulizwe. Alimwashiria mpwa wake, na Felisiani akapanda mbele na daftari lake. Akaulizwa mgeni amesema nini. Akajibu kwa uaminifu kabisa: mgeni amesema kiongozi mkubwa ni mtumishi. Kanisa likashusha pumzi, amina ikarudi, na Mwangalizi akamwambia Vénérande, kwa heshima, kwamba amefanya kazi kubwa tangu jana, sasa akapumzike.

Angeweza kushuka. Hatua nne tu zilikuwepo mpaka kwenye benchi, na Kigoma ingebaki salama. Lakini hasira ilimpanda, na ilikuwa hasira ya fundi. Miaka kumi na minane ya ukalimani hajawahi kutolewa mbele kwa kukosea, na leo anatolewa kwa kupatia.

"Mwangalizi, naomba dakika moja. Halafu nitakaa."

Mbele ya mgeni Mwangalizi angesemaje? Akakubali kwa kichwa.

"Mimi sikusoma Kigoma," Vénérande akasema. "Nyie mlisema nimesoma Kigoma, na mimi nikawaacha, kwa sababu ilinipendeza. Kiingereza changu nimekipata jikoni. Nilikuwa hausigeli hapo Mpanda mjini, miaka tisa. Nilikuwa naamka saa kumi. Mtoto akiumwa, wa kwanza kujua ni mimi, kabla ya mama yake. Baba akirudi amenuna, najua kabla hajavua viatu, nawatoa watoto sebuleni. Ile nyumba ilisimama kwa sababu mimi nilisimama. Na hakuna mgeni aliyewahi kuingia pale akauliza jina langu. Sasa mgeni wetu anasema kiongozi wa kanisa awe mtu wa namna hiyo. Jana nimewatafsiria mtumishi, mkapiga makofi, kwa sababu mtumishi hapa kwetu anakaa meza yenye kitambaa. Jana ndiyo nilikosea. Leo sijakosea."

Akiwa anasema, alisikia sauti nyuma yake. Felisiani alikuwa anamtafsiria mgeni. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa amefunga daftari, amesimama nyuma ya Vénérande nusu hatua, na mkono wa Vénérande ulipopanda, wa kwake ukapanda. Alipofika kwenye jina lisiloulizwa, kijana wa watu alilitafsiri neno kwa neno. Mwalimu Chanda alisikiliza ameinamisha kichwa.

Hakuna aliyesema amina. Mzee Masunga alikuwa bado amesimama.

"Na kula, mayu? Ulikuwa unakula saa ngapi?"

"Wakishamaliza wote."

"Unakula nini?"

"Ukoko."

Mzee akaligeukia kanisa na kusema kwamba na yeye, kabla ya kuwa na ng'ombe wake, alichunga ng'ombe wa watu kule Usukumani, miaka sita, na maziwa aliyokunywa ni yale yaliyobaki ndama wakishashiba. Hajawahi kumwambia mtu hapa Kakese. "Mgeni hajakosea," akamaliza, "na mkalimani hajakosea." Akakaa.

Mwangalizi Ponsian alikuwa amekunja mikono. Nimesema ni mtu mwema; siku hiyo ilimgharimu. Akaikunjua, akasema, "Felisiani, asante, kakae. Mama Aline, endelea."

Akaendelea. Ila alipotupa jicho mlangoni, Aline hakuwepo. Sinia la vikombe lilikuwa limeachwa juu ya benchi. Somo lote lililobaki alilitafsiri vizuri, mikono ikienda, goti likiuma, huku moyoni anajiambia kwamba amewapata mia na ishirini na kumpoteza mmoja. Alimlea mtoto yule kwa kichwa kilichoinuliwa. Alimwambia soma kama mimi nilivyosoma. Sasa atamwambia nini?

Walipotoka kula, watu wa mbele walikwama mlangoni kiasi kwamba wa nyuma wakawa wanawasukuma. Meza ndefu ilikuwepo, kitambaa kilikuwepo, soda zilikuwepo. Kadibodi haikuwepo. Wachungaji walisimama pale kila mmoja akijifanya anatafuta kitu mfukoni, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa, na hakuna aliyejua afanye nini asipokaa. Mzee Masunga ndiye aliyewatatulia. Aliegemeza fimbo kwenye mti, akachukua sahani ya plastiki, akaingia kwenye foleni ya maharage nyuma ya mama wa Kibaoni mwenye mtoto mgongoni. Wengine wakafuata. Mwalimu Chanda naye akapanga foleni, akacheka peke yake.

Vénérande akainua macho kuelekea jikoni. Kadibodi ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta wa mabanzi, juu kabisa ya mlango, kwa msumari na kamba ya katani. WATUMISHI TU. Chini yake, kwenye kigoda, amejaa masizi mpaka kwenye nyusi, Aline alikuwa anakwangua sufuria.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Niliona aibu."

Aline akaweka mwiko chini. Alikuwa amelia, ilionekana, na hakujificha. "Pale chuoni kila mtu anasema mama yake ni nani. Mimi nilikuwa nasema mama yangu amesoma kwa masista. Sasa nina cha kusema kizuri zaidi. Umejifundisha Kiingereza unapiga deki, mama. Mimi nimefundishwa na walimu wanne na bado kinanishinda." Akajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Najivunia. Kaa hapa."

Akamvutia kigoda. Vénérande akakaa na gauni lake la madhabahuni, katikati ya moshi, na akina mama wa jikoni wakasogea kumpa nafasi kama vile siku zote pale ndipo mahali pake. Mmoja alimuuliza kama ni kweli Waganda wanapika ndizi kila siku. Akasema ni kweli, na akaanza kuwaeleza namna zinavyofungwa kwenye majani, na akagundua anaeleza kwa raha, mambo ambayo kwa miaka ishirini hakuthubutu kuonyesha kwamba anayajua.

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Mwangalizi Ponsian, ameinama kwa sababu mlango wa jiko lile haukujengwa kwa ajili ya Waangalizi. Mkononi alikuwa na kisahani, na kwenye kisahani kulikuwa na firigisi moja. Alitazama kadibodi, akatazama chini, akauvuka uwanja wote wa jiko, masufuria na kuni, mpaka alipofika. Kwa miaka yote waliyofahamiana alimwita Mama Aline, au mkalimani. Jina lile la heshima alikuwa analitunzia wanaume waliowekewa mikono.

"Mtumishi," akasema, akakishika kisahani kwa mikono miwili, "karibu chakula."

Vénérande akanawa. Miaka tisa, kila Jumapili, alikuwa ameiosha firigisi, ameimenya ngozi yake ya njano, ameikaanga, ameipeleka mezani, na hajawahi kujua ladha yake. Angeweza kuigawa, walikuwepo wenzake, alikuwepo mwanawe, na mtu mwingine angeona ndiyo adabu. Hakuigawa. Aliila yote, taratibu, Mwangalizi amesimama anasubiri kisahani.

Ilikuwa imepungua chumvi kidogo. Angeipika yeye, isingepungua.